Gitaa la Upande wa Pili

Tulimzika Mzee Elija Barasa Jumamosi iliyopita, huku huku Bowie, Marekani, si Webuye kwao Kenya kama wengi walivyotarajia, maana mwenyewe alikuwa ameshasema hataki maiti yake isumbue watu kwenye viwanja vya ndege. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake, tukakaa na sahani za karatasi mapajani, na watu wakaanza kumweleza marehemu kama inavyokuwa: mpole, hakosi ibada, alimsaidia fulani kupata nyumba na fulani kupata kazi. Kijana mmoja wa kanisani akasema amesikia kwamba zamani mzee alikuwa akipiga gitaa. "Alipiga kidogo," Mama Loise, mjane wake, akamjibu, kisha akanitazama mimi juu ya vichwa vya watu na kutabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililonirudisha mwaka wa tisini na nane, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na kujiona najua muziki kuliko mtu yeyote katika jimbo la Maryland.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee Rockville, zamu ya asubuhi. Nilipanga chumba karibu na ile barabara kuu ya maduka. Kilikuwa na godoro, kiti kimoja, dirisha lililotazama maegesho ya duka la mazulia, na mashine ya kuchezea rekodi niliyoiokota kando ya pipa la taka, nzima kabisa ila sindano. Mashine hiyo nisingejua la kuifanyia kama si Safari. Safari alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mpishi msaidizi katika jiko la kazini kwetu, mtu mrefu wa miaka thelathini hivi aliyezoea kupiga sufuria kwa kijiko akifuata kitu alichosikiliza masikioni. Siku moja nilimuuliza anasikiliza nini. Alivua vile visikilizio akanivisha mimi. Ilikuwa bluzi ya Wamarekani weusi, ya gitaa la umeme, ile nzito, ya polepole, ambapo mwimbaji anasema mstari mmoja na gitaa linamjibu kama mke aliyechoka. Nilisimama pale na trei ya uji wa mgonjwa mpaka uji ukapoa. "Hii gitaa ilitokaka kwetu," Safari akaniambia. "Ikavuka bahari, ikajifunza Kiingereza. Sasa iko inatafuta njia ya kurudi."

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zilikuwa na mpango. Tukitoka kazini tuliingia kwenye gari lake, tukapita maduka ya mitumba moja baada ya jingine, tukipekua makatoni ya rekodi ambazo watu wa huku walikuwa wakizitupa kwa sababu kila mtu alikuwa amehamia kwenye sidii. Mimi niliziita rekodi, yeye aliziita diski, na Mtanzania mmoja wa kazini alitucheka wote wawili akisema neno lenyewe ni santuri. Kisha tulirudi chumbani kwangu na kula alichopika, mara nyingi sombe, yaani kisamvu, kwa wali, na kila mmoja aliruhusiwa kupiga wimbo mmoja aliouokota siku hiyo, kwa sharti kwamba aseme kwanza kwa nini ameuchagua. Kusema "ni mzuri" hakukuruhusiwa. Safari alipenda bendi zenye magitaa mawili yanayogombana. Mimi nilipenda sauti zilizochoka na ngoma zilizochelewa kidogo. Tuliwahi kubishana alasiri nzima kama mpiga besi fulani alikuwa amekosea au alikusudia, tukairudia sehemu ile mpaka jirani akagonga ukuta, kwa upole, kisha akaja mwenyewe mlangoni kusema anadhani alikusudia.

Mwezi wa nne, katika duka la mitumba nyuma ya kanisa moja, nilivuta rekodi kutoka chini ya rundo la nyimbo za Krismasi. Jaladani palikuwa na vijana wanne wenye suruali pana miguuni, wameegemea behewa la treni. Juu yao liliandikwa jina la bendi, Stesheni Nne, na nyuma, kwa herufi ndogo, kwamba ilirekodiwa Nairobi. Niliikumbatia kifuani kama mtu aliyeona picha ya ndugu yake gazetini. Tulipoipiga, upande wa kwanza ulikuwa wa nyimbo za dansi, si mbaya, za kawaida. Wimbo wa tatu wa upande wa pili ulianza vivyo hivyo. Kisha, katikati, mwimbaji akanyamaza na gitaa likaingia peke yake. Halikuharakisha. Lilipiga noti moja likaiacha ining'inie, likairudia kwa namna nyingine kana kwamba noti ya kwanza ilikuwa swali ambalo hakuna aliyelijibu, na kutoka hapo likapanda na kupanda hadi nikasahau kwamba nina mwili. Safari alikuwa amekaa sakafuni. "Rudisha," akasema. Tulipoirudia mara ya tano ndipo nikageuza jalada na kusoma majina. Gitaa la kwanza: E. Barasa.

Nilimfahamu E. Barasa mmoja. Ushirika wetu wa Wakenya ulikutana nyumbani kwake Bowie kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, naye alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mtunza stoo katika ofisi moja ya serikali, miwani yake ikining'inia kwa kamba kifuani, mtu wa kupanga viti na kuhakikisha kila mtu amepata chai. Jumapili ya ushirika iliyofuata nilimfuata jikoni na mfuko wa plastiki. Alikausha mikono, akaitoa rekodi, akaishika mbali na macho. "Hawa vijana walikuwa wembamba," akasema mwishowe. Nilipomwonyesha jina alisema, "Ndiyo, ni mimi huyo."

Mkewe, Mama Loise, aliweka mwiko chini, akaja kuangalia. Nilidhani atacheka, badala yake aligusa jalada kwa ncha ya kidole. "Hii gitaa ndiyo iliniozesha," akatuambia, mimi na wanawake wengine wawili waliokuwa wakipakua. Akasimulia kwamba alikuwa chuo cha ualimu, kukawa na dansi ya rekodi katika ukumbi mmoja wa Kitale, na wimbo huu ulipofika pale katikati aliacha kucheza akauliza kwa sauti, nani anapiga hii? Kijana mwembamba aliyesimama nyuma yake akajibu, ni mimi. "Nikageuka," Mama Loise akasema. "Sijageuka tena tangu siku hiyo." Wanawake wakacheka. Mzee Barasa alikuwa anaukunja ule mfuko wa plastiki, mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ukawa kama kidonge.

Baada ya hapo Jumamosi zetu zilihamia Bowie, katika chumba cha chini ya nyumba ambacho sote tulikiita besimenti. Palikuwa na kochi la zamani, mashine ya kufulia nyuma ya pazia, na baridi nzuri hata mwezi wa saba, joto la huku likiwa kali. Mama Loise alituletea chapati na ndengu, na majani yale mapana ya dukani aliyoyakata membamba kama sukuma wiki. Binti yao Loise, wa miaka kumi na mitano, alikaa ngazini na kuuliza kwa Kiingereza kama kweli huyo ni baba yake. Alielewa kila tulichosema, lakini sikuwahi kumsikia akijibu kwa Kiswahili. Mzee alitusimulia kuhusu siku ya kurekodi: trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi, joto, fundi mitambo aliyekula mandazi huku akizungusha vifundo, mpiga ngoma aliyevua viatu. Alisimulia vizuri. Nikikumbuka sasa, naona alizunguka wimbo ule kama mtu anayefagia chumba na kukwepa zulia. Safari, ambaye alikuwa akijifunza gitaa, alimuuliza kila wiki. "Papa, pale juu, unawekaka kidole wapi?" Mzee alifungua viganja vyake na kuvitazama. "Vidole vimesahau, Safari." Tuliona ni unyenyekevu, tukampenda zaidi.

Mimi nilifanya zaidi ya kumpenda. Nilinakili wimbo ule kwenye kanda, nikaandika juu ya kila moja kwa wino mwekundu, GITAA: E. BARASA, nikazigawa kwa Wakenya wa Rockville, kwa Wakongomani wa kanisa la Safari, kwa watu wa Manassas, katika jimbo la jirani, niliokutana nao harusini. Kila niliyempa nilimweleza nilivyoipata chini ya nyimbo za Krismasi. Nilipenda sana sehemu hiyo ya hadithi. Ningesema nilikuwa namtangaza mzee, na ingekuwa kweli, ila nilikuwa najitangaza mimi pia: msichana aliyemvumbua. Hakuna siku hata moja niliyomuuliza kama anataka kuvumbuliwa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya chakula, Safari aliingia sebuleni na gitaa la umeme na spika ndogo. Aliishi Manassas, na alikuwa amelipata katika duka la vitu vilivyotumika karibu na stesheni. Alipiga goti moja, akampa Mzee Barasa kwa mikono miwili. Tulikuwa watu kama ishirini. Mzee alilipokea kwa sababu hakuna njia ya kukataa kitu unachopewa hivyo. Alikaza nyuzi, sikio limeinama, bila haraka, na alipoanza kupiga mapigo ya chini ya wimbo ule sote tulisogea karibu, maana alikuwa mpigaji kweli: mkono wake wa kulia ulikuwa sawasawa kama saa. Watu wakaanza kupiga makofi taratibu. Ikafika pale katikati. Mkono ukaendelea na mapigo yale yale. "Sasa, Papa," Safari akasema. Mzee akazunguka tena, akafika tena, na mara hii akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Si mimi niliyepiga," akasema.

Mtu mmoja alicheka kidogo akidhani ni mzaha. Mzee akamtazama Safari peke yake, kama vile wengine hatukuwepo. Akasema siku ile studio alijaribu sehemu hiyo mara nyingi, ikamshinda. Alikuwa na rafiki, Silas Wafula, fundi wa redio, ambaye hakuwa wa bendi. Alikuwa amewasindikiza tu na amekaa koridoni. Wakamwita. Silas akapiga mara moja, fundi mitambo akasema inatosha, Silas akarudi koridoni. Majina ya jalada yalikuwa yameshapelekwa kwa mpiga chapa. "Nilisema nitarekebisha wakichapisha tena," Mzee akasema. "Hawakuchapisha tena." Akalilaza gitaa juu ya kochi, akaanza kukusanya vikombe.

Nilikimbilia jikoni nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vyangu. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba kidogo cha akiba, na Mzee na mkewe walipoingia humo mlango haukufunga vizuri. Sikuondoka. Nilisikia sauti ya Mama Loise, ya chini, isiyo na machozi. "Mimi sijali nani alipiga. Unanielewa? Hata kama ni fundi wa viatu. Lakini nimesema hiyo hadithi miaka ishirini na tatu. Nilimwambia mama yangu. Nimewaambia hawa watoto wa watu. Na wewe unakaa hapo unaniangalia. Uongo ni wako, Baba Loise, lakini mdomo ni wangu." Mzee akasema alitaka kumwambia. "Lini?" Nilisikia mfuko wa unga ukisogezwa rafuni, basi.

Besimenti ikafungwa. Hakuna aliyetukataza, hatukuitwa tu. Ushirika ulihamia kwa watu wengine, na Mzee alikuja peke yake, akapanga viti, akaondoka mapema. Nilidhani Safari amekasirika kwa kuaibishwa na zawadi yake, nikamwambia hivyo garini. Aliendesha hadi taa nyekundu. "Mi sina hasira na Papa," akasema. "Papa alifanyaka kosa akiwa kijana, kwa sababu ya mwanamke muzuri. Ile naelewa. Lakini dada, wewe uliandika jina mbele ya kuuliza. Mara ngapi alituambia vidole vimesahau?" Hakusema kwa ukali. Nilipofika chumbani niliketi kwenye kile kiti kimoja, nikaanza kuandika orodha ya watu niliowapa kanda. Ilinichukua majuma kuwafikia. Kwa kila mmoja nilisema maneno yale yale: nilikosea, aliyepiga anaitwa Silas Wafula, tafadhali andika hapo juu. Wengine walicheka. Mwanamume mmoja wa Manassas aliniuliza inabadilisha nini, muziki si ni ule ule? Nilimsimamia akiandika.

Mwisho wa mwezi wa kumi, siku ya kazi, Mzee Barasa alibisha hodi kwangu Rockville akiwa bado na tai ya ofisini. Nilimpa kiti nikakaa kwenye godoro. Alitoa karatasi mfukoni. Ndugu yake wa Webuye alikuwa amempata Silas: yuko Kitale, anatengeneza redio kando ya duka la dawa, na mwenye duka ana simu. "Nimepiga mara tatu," Mzee akasema. "Ikiitikiwa nakata. Nataka mtu awepo, ndio nisikate." Nilimuuliza kama Mama Loise anajua. "Nimemwambia. Siku hizi namwambia kila kitu, hata mambo ya stoo. Hanijibu, lakini anasikiliza."

Tulipiga Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi kwetu, saa kumi na mbili jioni kwao. Safari alikuwepo. Simu iliwekwa kwenye meza ya besimenti, sauti imefunguliwa tusikie wote, na rekodi iko tayari kwenye mashine. Mlango wa juu wa ngazi uliachwa wazi. Tulisikia Mama Loise akisonga ugali. Mwenye duka la dawa alituambia tungoje, kisha ikasikika hatua, kikohozi, na sauti kavu.

"Hallo."

"Silas. Ni Elija."

"Elija gani?"

"Barasa. Wa Stesheni Nne."

Laini ilikwaruza hata nikahofu kadi ya simu tuliyonunua imekwisha. Mzee alishika ukingo wa meza. Akaanza kusema kuhusu jalada, majina, mpiga chapa, namna alivyokusudia kurekebisha, maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi. Silas alimwacha amalize.

"Mambo ya jina sikuyajua," akasema. "Hiyo rekodi sijawahi kuiona. Mimi nilikaa kwa korido, Elija. Nilikaa nikiwangoja mtoke twende tukale. Mpaka askari wa mlango akaniambia, hao watu wako walitokea nyuma kitambo."

Nilimwona Mzee Barasa usoni kwamba hilo hakulikumbuka. Miaka yote alikuwa amebeba kosa moja, na mwenzake alikuwa amebeba lingine. "Sikukumbuka," akasema hatimaye. "Sikukukumbuka, Silas. Tulikuwa na furaha, tukatoka tu. Nisamehe."

"Haya," Silas akasema. Si kwamba amesamehe; alisema haya kama mtu anayepokea mzigo ili auangalie baadaye. Kisha akauliza, "Ilitoka aje, hiyo kitu?"

Hapo ndipo tukagundua kwamba hajawahi kuisikia. Safari aliweka sindano. Tulisogeza simu karibu na spika, gitaa likaingia, na kwa muda ule hakuna aliyetazamana na mwingine. Ilipoisha Silas alikohoa. "Pale mwanzo nilichelewa," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Niwekee tena."

Tulipomwekea tena, Mama Loise alikuwa ameshuka, unga bado vidoleni. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akainamia simu. "Shemeji, mimi ni mke wa Elija. Nilisikia hii kitu kwa dansi hapo Kitale, nikaacha kucheza. Nilisimama katikati ya watu nikashindwa kutembea. Nimekuwa nikitaka kumshukuru aliyepiga." Akamsimulia yote: ukumbi, viatu alivyoazima, alivyohisi ile noti ya kwanza ikikataa kuondoka. Ni hadithi ile ile tuliyoizoea, ila sasa aliishia kabla ya kijana mwembamba kujibu. "Asante, mama," Silas akasema. "Sikujua kulikuwa na mtu anasikiliza." Kadi ikaisha hapo hapo, katikati ya kwaheri.

Walizungumza mara nyingine nyingi hadi Silas alipofariki miaka mitatu baadaye. Sijui kama alimsamehe. Najua alikuwa akiitikia simu. Mama Loise alichukua muda wake. Mwaka uliofuata nilimsikia akiisimulia tena hadithi ya dansi mbele ya wageni, na alipofika pale akasema, "Nikauliza nani anapiga, na huyu mwongo akasema ni yeye." Wageni wakacheka, na Mzee akacheka pia, akiwa wa mwisho kuanza.

Lakini Jumamosi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwisho ya mwaka ule wa tisini na nane. Theluji ilikuwa imeanguka kidogo, barabara zina chumvi. Nilipoingia besimenti nilimkuta Mzee Barasa kwenye kochi na lile gitaa mapajani, miwani imeshuka puani, na Safari amekaa mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimwonyesha ile sehemu ya Silas. Safari alikuwa ameishika karibu yote, kwa kuisikiliza tu. Mzee alikuwa ameshika noti nne. Alipiga ya kwanza, akaingoja, akaingia ya pili mapema mno, na kutoka ngazini, Mama Loise, ambaye hakuwahi kushika gitaa maishani mwake, akasema, "Hapo bado. Rudia."

Akarudia.